Nyota za kona zimevutika: tafuta kosa la kipunguza fokasi kabla hujanunua kingine

Jioni moja kijana tunayepiga naye picha za anga alinikabidhi simu yake kabla hata hajakaa. "Shikamoo mwalimu. Ile ridusa niliyoagiza ni mbovu. Hebu tazama kona."

"Marahaba," nikaitazama. Katikati ya picha kundi la nyota la Omega Centauri lilikuwa safi, nyota moja moja, kama sukari iliyomwagika kwenye kitambaa cheusi. Ila kwenye kona zote nne nyota zilikuwa zimevutika kama njiti za kiberiti, na njiti zote zimeelekea katikati. Nikamwuliza: kutoka nyuma ya ridusa hadi kwenye kihisi cha kamera kuna milimita ngapi? Akanitazama kama nimemwuliza uzito wa mwezi. Tukachukua kalipa. Ridusa ilikuwa nzima. Kilichokosekana ni milimita 17 za hewa.

Kipunguza fokasi, au ridusa kama wengi wetu tunavyoiita, ni lenzi inayokusanya miale inayotoka kwenye darubini na kuibana ikutane mapema zaidi. Urefu wa fokasi unapungua, eneo la anga linaloingia kwenye picha linaongezeka. Lakini haifanyi kazi peke yake. Kiasi inachopunguza kinategemea umbali kati yake na kihisi, na ubora wa kona unategemea umbali huohuo. Ndiyo maana mtu anaweza kununua kioo kizuri, akakifunga vibaya, akakiuza kwa hasara, akanunua cha pili na kukuta dalili zilezile. Hapa chini nafuata dalili moja baada ya nyingine. Mfano wangu mkuu ni Celestron C8, darubini ya Schmidt-Cassegrain ya inchi 8, kwa kuwa ndiyo niliyoishi nayo muda mrefu, na ridusa ya f/6.3 inayofungwa nyuma yake.

Kitu hakienei kwenye picha

Hii ndiyo dalili halali ya kununua ridusa. C8 ina urefu wa fokasi wa milimita 2,032, yaani f/10: urefu huo ni mara kumi ya kipenyo chake. Ukiifungia kamera yenye kihisi cha APS-C, saizi ya kati ya kamera nyingi, upande mfupi wa picha unapata takriban digrii 0.44 za anga. Omega Centauri ina upana wa zaidi ya nusu digrii, kwa hiyo inakatwa juu na chini. Ukiweka ridusa ya 0.63 unashuka hadi milimita 1,280, na upande uleule mfupi unakuwa digrii 0.7. Sasa kundi zima linakaa ndani na nafasi ya pembeni inabaki. Kwa sisi tulio karibu na ikweta huo ni mfano unaoonja mwenyewe: jioni za Mei na Juni Omega Centauri hupanda vizuri upande wa kusini, wakati wenzetu wa Ulaya ya kaskazini hawaioni kabisa.

Faida ya pili ni muda. Kutoka f/10 hadi f/6.3, mwanga unaoangukia kila pikseli unaongezeka mara mbili na nusu, hivyo picha iliyohitaji dakika tano inatosheka na dakika mbili. Usidanganyike hapo: kipenyo cha darubini hakijabadilika, hujakusanya mwanga zaidi kutoka kwenye kile kitu. Umeubana tu kwenye pikseli chache.

Lakini ukitaka Kilimia, ridusa hii haitakusaidia. Kilimia kimesambaa karibu digrii mbili, na upande mrefu wa APS-C kwa milimita 1,280 ni digrii moja na ushei tu. Galaksi ya Andromeda ndiyo usiseme. Kwa vitu hivyo darubini ndogo ya lenzi ya milimita 400, au hata lenzi ya kamera ya milimita 200, itakupa zaidi kuliko ridusa yoyote juu ya C8. Na ukipiga Mshtarii, Zohali au kreta za mwezi, ridusa iache sandukuni; hapo unahitaji Barlow, ambayo ni kinyume chake.

Fokasi haifikiwi

Umefunga kila kitu, unazungusha kitasa hadi mwisho, nyota bado ni sahani. Swali la kwanza: inakaribia kuwa nukta unapoelekea ndani, kisha kitasa kinagota? Basi ridusa imevuta fokasi ndani kuliko fokasa yako, ile sehemu inayosogea kuleta fokasi, inavyoweza kufuata.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua umbali kutoka ridusa hadi kihisi, ugawe kwa kiwango cha kupunguza, kisha toa umbali uleule. Kwa ridusa ya 0.63 iliyo milimita 105 mbele ya kihisi: 105 gawa kwa 0.63 ni 167, toa 105, unapata 62. Fokasi imesogea ndani kwa milimita 62. C8 inafokasi kwa kusogeza kioo kikubwa ndani ya bomba, kwa hiyo inalimeza hilo bila kulalamika. Darubini ya Newton, ile ya vioo inayotazamwa kwa ubavuni, yenye fokasa ya kawaida hailiwezi. Nyingi zina nafasi finyu kiasi kwamba kamera ya DSLR (ile yenye kioo ndani) peke yake, bila ridusa, tayari inagoma. Ndiyo maana zile ridusa ndogo za 0.5 za kufunga kwenye pua ya inchi 1.25 huishia droo. Ukiweka moja milimita 50 kutoka kwenye kihisi inataka uingie ndani milimita 50 nyingine, na hizo milimita Newton yako haina.

Kwa Newton suluhisho la kweli ni kusogeza kioo kikuu mbele, au kutumia kirekebishaji cha koma (kasoro inayozipa nyota za pembeni mikia) kilichotengenezwa kwa Newton ambacho pia kinapunguza. Ukishaanza kuchimba matundu mapya kwenye bomba kwa ajili ya ridusa ya bei ya chini, simama, unywe chai kwanza.

Kama kwenye C8 fokasi haifikiwi hata kidogo, kosa mara nyingi ni jingine: ridusa mbili zimefungwa pamoja, au ridusa imefungwa juu ya daigonali (kiwiko chenye kioo kinachopinda mwanga kuelekea jichoni) badala ya nyuma ya darubini.

Nyota za kona zimevutika

Turudi kwa yule kijana, maana hapa ndipo watu wengi wanapopotea.

Kabla ya kugusa chochote, toa ridusa na utazame nyota moja angavu ikiwa nje ya fokasi. Unaona pete yenye tundu. Tundu liwe katikati kabisa. Kama limeegemea upande, vioo havijasawazishwa, na ridusa itabeba lawama isiyo yake. Sawazisha kwanza, kisha endelea.

Halafu soma umbo la nyota kwenye kona zote nne, si moja. Zikiwa zimevutika kuelekea katikati kama miale ya jua, mara nyingi kihisi kiko karibu mno na ridusa, ongeza spesa, yaani pete ya kuongeza umbali. Zikiwa zimejipinda kuzunguka katikati kama pete za kisiki cha mti, kihisi kiko mbali mno, punguza. Kona moja au mbili zikiwa mbaya na zilizobaki nzuri, achana na umbali: huo ni mwinamo. Zungusha kamera robo duara upige tena. Ubaya ukibaki kwenye kona ileile ya picha, kamera au adapta yake imekaa upande. Ukihamia kona nyingine, chanzo kiko upande wa darubini: fokasa inalegea kwa uzito au vioo havijakaa sawa.

Sasa ule umbali. Ridusa ya Celestron ya f/6.3 inataka milimita 105 kutoka nyuma yake hadi kwenye kihisi. Adapta ya T ya darubini hizi, bomba fupi la kuunganisha kamera, ina milimita 50. Zinabaki 55, na hizo 55 ndizo kila mtu anazikuta zikipigiwa kelele, kwa sababu karibu ulimwengu wote wa picha za anga umezizoea. DSLR ya Canon ina milimita 44 kutoka kwenye mdomo hadi kihisi, na pete yake ya T, inayoishikiza kamera kwenye adapta hiyo, ina 11. Nikon ina 46.5, pete yake 8.5. Vyote vinatoa 55. Kamera za ZWO zenye kipoza huwa na milimita 17.5, na ndani ya boksi unakuta spesa ya 21 na ya 16.5; jumlisha mwenyewe.

Kamera za siku hizi zisizo na kioo ndizo zinazoharibu hesabu. Sony ya mdomo wa E ina milimita 18 tu, kwa hiyo pete yake ya T inatakiwa iwe ndefu, milimita 37. Kijana wetu aliuziwa pete fupi ya milimita 20 na muuzaji aliyemhakikishia kuwa "zote ni moja". Basi 50 na 20 na 18 ni 88. Zilikosekana 17.

Kuna njia ya kuthibitisha bila hata kushika kalipa. Ipeleke picha yako kwenye programu ya kutambua nyota, ASTAP au tovuti ya astrometry.net. Zikishatambua nyota zinakupa ukubwa wa anga kwa kila pikseli, na kutoka hapo unapata urefu halisi wa fokasi: zidisha ukubwa wa pikseli kwa mikroni na 206, ugawe kwa sekunde za tao (sekunde moja ni sehemu moja ya 3,600 ya digrii) kwa pikseli. Picha ya kijana ilitoa milimita 1,400 hivi badala ya 1,280. Urefu uliozidi matarajio unasema kihisi kiko karibu mno. Uliopungua unasema kiko mbali. Kwenye Schmidt-Cassegrain namba hii huyumba kidogo kwa kuwa kioo kikuu kinasogea, lakini pengo la milimita 120 si la kuyumba.

Alipopata pete ya 37 tulipiga kundi lilelile, usiku uleule wa wiki iliyofuata. Kona hazikuwa kamilifu, hazijawahi kuwa kamilifu kwenye C8 yenye kihisi kikubwa, lakini zile njiti zilikuwa zimerudi kuwa punje.

Mambo mawili madogo kuhusu umbali. Filta ya kioo kati ya ridusa na kihisi inasukuma fokasi nyuma kwa takriban theluthi ya unene wake. Filta ya milimita 3 inataka uongeze milimita 1. Na kiwango cha uvumilivu hakilingani. Kwenye C8 ukikosea milimita mbili au tatu huenda usione kitu. Kwenye darubini ndogo ya lenzi ya f/5.6 yenye ridusa ya 0.8, milimita moja inaonekana, kwa hiyo nunua seti ya pete nyembamba za milimita nusu na moja, badilisha moja kwa wakati, na uandike kwenye daftari. Usitegemee kumbukumbu saa nane za usiku.

Kona ni nyeusi

Picha inang'aa katikati na kufifia pembeni kama umechungulia tundu la bomba. Kiasi kidogo ni kawaida na flati, picha za uso wenye mwanga sawa za kusahihishia, zinakisafisha. Kiasi kikubwa ni hesabu inayokataa.

Tazama C8 tena. Bomba la ndani linalopitisha mwanga nyuma lina uwazi wa takriban milimita 38. Kihisi cha APS-C kina ulalo wa milimita 28, kinaingia bila shida kwa f/10. Lakini ukiweka ridusa ya 0.63, kihisi chako kinaomba duara la mwanga la 28 gawa kwa 0.63, yaani milimita 44. Hazipo. Kihisi cha fremu kamili chenye ulalo wa 43 kinaomba karibu 68, na huko ni kupoteza muda. Kwa upande mwingine, kihisi cha mraba cha IMX533, ulalo wa milimita 16, kinaomba 25 tu, na kinapata picha safi hadi ukingoni. Nimeona watu wakinunua kamera kubwa kwa pesa nyingi kisha kila picha wakaikata ibaki saizi ya ile ndogo waliyoidharau.

Maksutov, darubini fupi za vioo zenye lenzi nene mbele ambazo wengi wanaanza nazo, ni mbaya zaidi kwa jambo hili. Tundu lao la nyuma ni jembamba kuliko la C8. Ridusa ya nguvu juu ya Maksutov inakupa duara dogo la picha lenye weusi pembeni, na ni sawa tu kwa kihisi kidogo.

Angalia pia pete zenyewe. Uzi wa T wa milimita 42 unabana mwanga wa fremu kamili; kwa kihisi hicho tafuta adapta za milimita 48 njia nzima.

Mng'ao wa duara katikati, au vivuli vya nyota angavu

Mwanga unagonga kihisi, unarudi kwenye ridusa au filta, unarudi tena. Sogeza filta upande wa pili wa spesa uone kama duara linabadilika ukubwa. Likibadilika umempata mhusika. Na hakikisha ridusa haijafungwa kinyume. Baadhi ya zile ndogo zina nyuzi pande zote mbili, na giza halikusamehe. Kama ni mduara wa bluu kuzunguka nyota angavu tu, hapo ni kioo cha bei ya chini kisichokusanya rangi zote pamoja, na hakuna spesa ya kukiponya.

Adapta inaingia mizunguko miwili kisha inakwama

Usilazimishe. Kuna nyuzi mbili za milimita 42 zinazofanana machoni: uzi wa T una hatua ya milimita 0.75, na uzi wa lenzi za zamani za Pentax una hatua ya milimita 1. Zinashikana mwanzoni, kisha zinaumana. Niliwahi kulazimisha moja na nikaishia kwa fundi wa lathi, ambaye aliniuliza kama natengeneza pampu. Nyuma ya C8 kwenyewe ni uzi wa inchi 2 wenye meno 24 kwa inchi, wala hauhusiani na hizo mbili.

Kwa jicho: haijabadilisha kitu

Ukitazama kwa macho, ridusa ya C8 ni njia nafuu ya kupata anga pana bila kununua lenzi kubwa za jicho. Lenzi ya jicho ya aina ya Plössl ya milimita 32, ya inchi 1.25, inakupa takriban digrii 0.76 peke yake na 1.2 ukiwa na ridusa. Lenzi pana ya inchi 2 bila ridusa inakupa digrii 1.3 hivi. Kwa hiyo chagua moja. Ukiweka vyote viwili, ridusa na daigonali ya inchi 2 na lenzi ya inchi 2, hupati jumla yao. Unapata kivuli pembeni, kwa sababu lile bomba la milimita 38 halijapanuka, na daigonali ndefu imesukuma ridusa ipunguze zaidi kuliko ilivyopangiwa.

Ukishapima, ndipo uchague

Kama dalili zako hazijatibika kwa spesa na kusawazisha, huenda ridusa yako ni ya darubini nyingine. Kosa la kawaida ni kufunga ridusa ya f/6.3 kwenye EdgeHD, aina nyingine ya darubini za Celestron. Ile f/6.3 imetengenezwa kurekebisha uwanja uliopinda wa Schmidt-Cassegrain ya kawaida. EdgeHD tayari ina lenzi za kuunyoosha ndani ya bomba, kwa hiyo unarekebisha kilichokwisha rekebishwa. EdgeHD ina ridusa yake ya 0.7, na hata hiyo inatofautiana kwa saizi: ya inchi 8 inataka milimita 105 za nyuma, za inchi 9.25, 11 na 14 zinataka 146. Ukinunua iliyotumika, mwulize muuzaji ilitoka kwenye darubini ipi. "Ya EdgeHD" si jibu.

Kwa darubini za lenzi, ile ya lenzi mbili au tatu inahitaji kitu cha kunyoosha uwanja hata kama hutaki kupunguza fokasi, na ridusa nyingi za 0.8 zinafanya kazi zote mbili. Ya milimita 80 yenye f/7 inashuka kutoka 560 hadi 448, f/5.6, na hiyo ni mashine nzuri ya Kilimia. Ila kama darubini yako ni ya muundo wa Petzval, yenye lenzi za ziada nyuma, uwanja wake umenyooka tayari. Usiifungie chochote ambacho mtengenezaji wake hakukitaja.

Na kwa sisi wa pwani: ukiletewa ridusa iliyotumika, zima taa, mulika tochi ya simu kwa pembeni kupitia kioo. Vumbi halina shida. Utando mweupe wenye matawi kama mizizi ni ukungu, unakula koti la kioo, na ukiuweka kwenye boksi moja na lenzi zako nyingine utasambaa. Mrudishie mwenyewe.